Figo zikichoka, moyo ndio unaoanguka

Huanza miguuni, jioni. Viatu vilivyovaliwa asubuhi bila shida vinabana saa kumi na moja, soksi inaacha mkanda juu ya kifundo, na ukibonyeza ngozi ya kwenye muundi kwa kidole gumba kisha ukakiondoa, shimo linabaki pale na kujaa taratibu. Mtu wa Chunyu, katika eneo la Ruangwa na Nachingwea mkoani Lindi, aliyeshinda ameinama akiokota korosho, ana maelezo yake tayari: uchovu, umri, kusimama sana. Jirani atasema amekanyaga kitu cha watu. Na kwa kuwa Lindi na Mtwara zimeishi na matende kwa vizazi, hatakosekana wa kusema hayo ni matende yanaanza.

Daktari akiliona shimo lile la kidole anajiuliza jambo moja kabla ya mengine: maji haya yameletwa na moyo ulioshindwa kusukuma, au na figo zilizoshindwa kutoa? Ni swali la haki. Ila kwa wagonjwa wengi mambo yote mawili yameshatokea, na moja lilizaa jingine zamani, kabla mgonjwa hajakaa kwenye benchi la kusubiri.

Kwenye misiba wasifu wa marehemu husomwa kwa maneno yanayofanana. Alikuwa akisumbuliwa na presha. Usiku hali ilibadilika. Moyo ukasimama. Figo hutajwa pale tu familia ilipouza shamba au nyumba ili kulipia kusafisha damu, na hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza kwamba ugonjwa wa figo ni ugonjwa wa mashine. Picha hiyo inapotosha. Wengi wenye ugonjwa sugu wa figo hawaifikii mashine hata siku moja, kwa sababu moyo au kiharusi huwawahi njiani. Wanazikwa kama watu wa presha, na figo zao zinazikwa nao bila kupimwa.

Uhusiano huu unaanzia kwenye mgao wa damu. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika. Figo mbili, ambazo uzito wake kwa pamoja haufiki nusu kilo, hupewa karibu sehemu moja ya tano ya damu yote hiyo. Hakuna kiungo cha uzito huo kinachopata fungu nono namna hiyo, na si kwa ajili ya kujilisha. Damu inapelekwa pale ikafanyiwe kazi. Kwa siku moja figo huchuja maji yapatayo lita 180, zikarudisha mwilini karibu yote, na kinachobaki, lita moja na nusu au mbili, ndicho mkojo. Kazi hiyo inafanywa na vichujio karibu milioni moja ndani ya kila figo, na kila kichujio ni fundo la mishipa ya damu myembamba mno. Ndiyo maana presha ya muda mrefu na sukari, maradhi mawili yanayokula mishipa, hufika kwenye figo mapema. Vichujio vikianza kuharibika, protini ambayo ilipaswa kubaki kwenye damu hupita na mkojo, kama kifumbu kilichotoboka kinavyopitisha machicha kwenye tui. Mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake huku akilima, akicheza ngoma na kusifiwa afya.

Mtu wa kwanza kuyaweka mambo haya pamoja kwa maandishi yaliyodumu alikuwa Richard Bright, daktari wa hospitali ya Guy's jijini London. Mwaka 1827 alichapisha taarifa za wagonjwa waliovimba miili. Kipimo chake kilikuwa kijiko na mshumaa: mkojo ukipashwa moto, protini inaganda na kuwa nyeupe. Wagonjwa walipokufa alifungua miili yao akakuta figo zimesinyaa. Mwaka 1836 akaandika jambo lililomshangaza zaidi, kwamba katika maiti hizo moyo mara nyingi ulikuwa umekua kupita kiasi na ukuta wake umenenepa, ingawa hakuona ubovu kwenye milango ya moyo wa kueleza unene ule. Akahisi kwamba damu iliyoharibiwa na figo ndiyo iliyoulazimisha moyo kufanya kazi ya ziada. Hakuwa na mashine ya presha. Ile ya mkanda wa mkononi, mzazi wa hii tunayoijua zahanati, ilibuniwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, miaka sitini baadaye.

Miaka miwili baada ya Riva-Rocci, Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walisaga figo za sungura mjini Stockholm, wakachuja maji yake na kuwadunga sungura wengine. Presha ikapanda. Kitu kilichokuwa ndani ya maji yale wakakiita renini. Hapa pana kichekesho kidogo cha maumbile. Figo ikihisi damu inaifikia kwa uchache, haijui kama tatizo ni mshipa wake ulioziba, moyo uliochoka au mwenye mwili aliyevuja damu nyingi. Inachojua ni kudai. Inatoa renini, mishipa ya mwili mzima inakaza, chumvi na maji vinazuiwa visitoke, presha inapanda ili figo ipate fungu lake. Kwa mtu aliyejeruhiwa shambani na kupoteza damu, hilo ni uokozi. Kwa mtu ambaye figo zake zina makovu, dai hilo halikomi. Linarudiwa usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi, na anayelilipa ni moyo.

Tumfuate basi mgonjwa wa mfano, mama wa miaka 55 anayelima ufuta na mihogo na kukodi watu wa kumpulizia salfa mikorosho yake. Presha yake imekuwa juu kwa miaka kumi bila yeye kujua. Figo zake sasa zinafanya kazi theluthi moja. Chumvi anayokula haitoki yote. Mboga yake ya siku nyingi ni ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi na kupandishwa kutoka pwani ya Lindi, chakula kizuri kisichohitaji friji, lakini kipande kimoja kinaweza kumaliza fungu la siku nzima: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu alichokula. Chumvi isiyotoka hushika maji. Maji hujaza mishipa, moyo unasukuma mzigo mkubwa zaidi dhidi ya mishipa iliyokaza, na ukuta wa chumba chake cha kushoto unanenepa mwezi hadi mwezi. Moyo ulionenepa si moyo wenye nguvu. Unakuwa mgumu, haujai vizuri, na baadaye unatanuka na kulegea.

Damu nayo inapungua. Figo ndizo zinazotengeneza homoni ya erithropoietini inayoamrisha uboho wa mifupa kuzalisha chembe nyekundu. Zikichoka, amri inakuwa hafifu. Viganja vya mama vinakuwa vyeupe, anahema akipanda mwinuko aliokuwa akiupanda na ndoo kichwani. Katika eneo la malaria na minyoo, weupe wa viganja una tafsiri mbili za haraka, na mara nyingi tafsiri hizo ni sahihi. Atapewa dawa ya malaria, dawa ya minyoo, vidonge vya madini ya chuma. Kama mzizi uko kwenye figo, vidonge hivyo havitoshi, na moyo unabaki ukipiga mbio kufidia upungufu wa damu. Katika utafiti wa wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, Dkt. Abel Makubi na wenzake walifuatilia watu 427. Wastani wa umri ulikuwa miaka 55 tu, na karibu nusu yao, asilimia 45, moyo wao uliharibiwa na presha. Katika uchambuzi wa wagonjwa wa utafiti huohuo, zaidi ya nusu walikuwa na upungufu wa damu. Ulaya wagonjwa kama hao huwa na umri wa babu zetu. Kwetu ni watu ambao bado wana watoto shuleni.

Kisha kuna madini. Figo mbovu hazitoi fosfeti ya kutosha, kalsiamu inapoteza mizania, na chokaa huanza kuganda kwenye kuta za mishipa ya damu, hata kwa watu ambao hawajazeeka. Mshipa uliopaswa kutanuka kila pigo unakuwa bomba gumu. Madaktari wa kizazi kilichopita walidhani mgonjwa wa figo hupata ugonjwa wa moyo kwa mafuta tu, kama watu wengine. Sasa inajulikana kwamba ana njia zake mwenyewe za kuharibu mishipa, na mafuta ni mojawapo tu.

La mwisho, na la ghafla kuliko yote, ni potasiamu. Umeme unaoendesha mapigo ya moyo unategemea kiasi cha potasiamu kwenye damu, na figo ndizo zinazokipima. Zikishindwa kabisa, potasiamu inapanda na moyo unaweza kusimama katikati ya sentensi. Hapa naomba msomaji asinielewe vibaya. Ndizi, maharage, mihogo, maji ya dafu na korosho zenyewe zina potasiamu, na kwa mtu mwenye figo nzima ni vyakula vya kuulinda moyo. Anayepaswa kuvipunguza ni yule ambaye vipimo vya damu vimemwonyesha hivyo, kwa ushauri wa aliyempima. Nimeshasikia wazee wenye presha ya kawaida wakikatazwa ndizi na vijana waliosoma kitu kwenye simu. Huo ni ukatili usio na faida.

Njia ina kurudi pia. Moyo ukilegea, damu inayotoka ni chache, figo zinanyimwa. Wakati huohuo damu inayorudi inasongamana kwenye vena, nazo figo zinabanwa kwa nyuma. Zikibanwa hivyo, zinadai tena kwa renini, zinazuia tena chumvi, na mzigo wa moyo unaongezeka. Mgonjwa anavimba, anapewa dawa ya kukojoa, maji yanatoka, anapumua, lakini kriatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinachuja kiasi gani, inapanda na daktari anaanza kuhesabu miligramu kwa wasiwasi: akizidisha dawa anaziumiza figo, akipunguza mapafu yanajaa. Waliowahi kulala wodini na mgonjwa wa namna hii wanajua siku zinavyokwenda, leo nafuu, kesho kurudi nyuma.

Sasa takwimu, kwa ufupi, maana nyingi zimekusanywa mbali na Lindi. Mwaka 2004 watafiti wa California walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya milioni 1.1. Kadiri uwezo wa figo ulivyoshuka, ndivyo mashambulizi ya moyo, viharusi na vifo vilivyoongezeka, na walioshuka kabisa walikuwa na hatari ya zaidi ya mara tatu ya wenye figo nzima. Hapa nyumbani, utafiti wa jamii uliofanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa watu 7 kati ya 100: mjini 15, vijijini 2. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2013, kati ya wagonjwa wa sukari waliokuwa wakihudhuria kliniki, zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa na dalili za ugonjwa wa figo. Hao ni watu waliokuwa tayari ndani ya geti la hospitali.

Ile 2 kati ya 100 ya vijijini inaweza kumlaza usingizi mtu wa Chunyu. Isimlaze. Mwaka 1929 daktari wa kikoloni C. P. Donnison aliandika kwamba amepima presha za Waafrika 1,000 magharibi mwa Kenya na kukuta haipandi na umri kama ilivyokuwa Ulaya. Kizazi kimoja au viwili baadaye, watafiti waliowafuata vijana wa Kijaluo waliohama vijiji vyao kwenda Nairobi walikuta presha inapanda ndani ya miezi michache, na chumvi kwenye mkojo wao imeongezeka huku potasiamu ikipungua. Siku hizi kijana hana haja ya kuhamia Nairobi. Mji umemfuata kwa bodaboda: mafuta ya kupikia ya kupimiwa, soda, chumvi ya kwenye chipsi, kazi ya kukaa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta presha kwa mtu mmoja katika kila wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64. Kabla ya hapo, utafiti wa Ilala na kijiji kimoja cha Hai, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba wenye presha waliojijua walikuwa hawafiki mmoja kati ya watano, na waliodhibitiwa hawakufika hata mmoja kati ya mia.

Kusini kuna nyongeza zake. Kichocho cha mkojo kimekuwa huku tangu zamani. Mayai ya mdudu huacha makovu kwenye kibofu na kwenye mirija inayotoka figoni, mkojo unarudi nyuma, na figo zinaharibika kimyakimya hata miaka mingi baada ya mtoto kuacha kukojoa damu. Dawa ya prazikwanteli wanayopewa wanafunzi shuleni ni dawa ya figo pia, ingawa hakuna anayeiita hivyo, na mzazi anayemficha mwanawe siku ya kumeza vidonge anajua tu kwamba vinachefua.

Nyongeza nyingine iko dukani. Maduka ya dawa muhimu, mpango uliojaribiwa kwanza Ruvuma mwaka 2003, yamefanya kazi kubwa ya kusogeza dawa vijijini. Lakini msimu wa palizi, mgongo ukiuma, kinachonunuliwa ni diklofenaki, leo, kesho na kesho kutwa, bila cheti. Dawa za jamii hiyo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, huzuia chumvi isitoke, hupandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa za presha. Kwa mtu mwenye afya vidonge vya siku mbili tatu havina neno. Kwa yule mama wetu, wiki tatu za palizi zinaweza kuwa ndizo zilizoziangusha figo zake. Mizizi na magome yanayochemshwa nayo yamo, mengine hayana madhara na mengine yanaziua figo, na kwa kuwa kipimo ni kikombe cha yule aliyechemsha, hakuna ajuaye amekunywa nini. Daktari anayeuliza kwa ukali haambiwi. Anayeuliza kwa upole, "Mama, na dawa zetu zile umezijaribu zipi?", huambiwa yote.

Na pesa huku ina majira. Minada ya ufuta na korosho ya chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ndiyo inayoamua nani atanunua vidonge vya mwezi mzima na nani atanunua vya siku tano. Korosho zikilipa, kliniki inajaa. Ikifika Februari, mvua imeshika, ghala liko tupu, dawa ya presha inamezwa siku ambayo kichwa kinauma. Presha isiyo na maumivu haina mtetezi kwenye bajeti ya nyumba. Sioni haki kumlaumu mtu kwa hilo.

Akizidiwa, njia ni ndefu. Kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya, kisha lami ya Ruangwa hadi njia panda ya Nanganga. Hapo gari linaweza kwenda kushoto kuelekea Nyangao, hospitali ya misheni, na mbele zaidi Lindi iliko hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sokoine. Au kulia kuelekea Ndanda, hospitali ya Wabenediktini inayotumikia Kusini tangu zama za wakoloni. Tangu hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kusini ilipofunguliwa Mtwara na kuzinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2023, wagonjwa waliokuwa wakilazimika kwenda Dar es Salaam kwa huduma za kibingwa wamepata mahali pa karibu zaidi. Juu yake kuna Muhimbili, iliyopandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Novemba 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma iliyofuata mwaka 2018, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015.

Hayo ni maendeleo ya kweli, na mimi ni miongoni mwa wanaoyashangilia. Lakini piga hesabu. Kusafisha damu kunafanywa mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, yaani mara 156 kwa mwaka. Hata kama kila kikao kingetolewa bure, mtu wa Chunyu angelazimika kuhamia mjini. Shamba linabaki na nani? Na mashine yenyewe hubadilisha maji na chumvi za mwili haraka mno, jambo linalouchosha moyo uliokwisha kuchoka, ndiyo sababu hata waliofanikiwa kuipata, kinachowaua mara nyingi ni moyo.

Ukiuliza nchi imejipangaje, utakuta moyo na figo vimegawanywa kama mashamba ya ndugu waliogombana. Taasisi tofauti, madaktari tofauti, mafaili tofauti. Hata maadhimisho: Siku ya Figo Duniani ni Alhamisi ya pili ya Machi, Siku ya Moyo Duniani ni Septemba 29, na kila moja ina fulana zake. Ulimwengu wa kitabibu umeanza kujirekebisha. Mwezi Oktoba 2023 Chama cha Moyo cha Marekani kilitangaza kwamba moyo, figo, unene na sukari vitazamwe kama ugonjwa mmoja wenye hatua. Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kwa mara ya kwanza azimio mahususi la afya ya figo, baada ya maradhi hayo kupanda kutoka nafasi ya 19 hadi ya 9 kwenye orodha ya vyanzo vya vifo duniani kati ya mwaka 2000 na 2021.

Dawa nazo zimekataa mgawanyo huo. Kaptopurili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981, ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili ambaye akimuuma mtu presha huanguka. Inakata ule mnyororo wa renini. Ndugu zake, na losatani iliyofuata, hushusha presha, hupunguza protini kwenye mkojo na kuupunguzia moyo mzigo kwa kidonge kimoja. Hazifai kwa mjamzito, na zinahitaji kriatinini na potasiamu vipimwe baada ya kuanza, lakini ni dawa za kawaida, za bei inayofikirika. Kisha zimekuja dawa za sukari za jamii ya dapagliflozini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kwa wagonjwa wa figo 4,304, wengine wakiwa hawana sukari kabisa, dapagliflozini ilipunguza kwa asilimia 39 hatari ya figo kuporomoka au mgonjwa kufa kwa figo au moyo, na ikapunguza waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Asili ya jamii hii ya dawa ni kemikali iliyotolewa kwenye magome ya mti wa tufaha mwaka 1835, wakati Bright bado anachemsha mkojo kwenye kijiko. Kwa mkulima wa Ruangwa bei yake ingali mlima. Bei za dawa hushuka hati miliki zinapokwisha, na wanaonunua kwa niaba ya serikali wangefanya vizuri kuanza kuziulizia sasa.

Hata hivyo dawa haina maana kwa mtu asiyejulikana kuwa mgonjwa, na hapa ndipo ninapoona uzembe wetu wa kitaifa. Kila mjamzito anayehudhuria kliniki ya zahanati anapaswa kupimwa presha na kuchovywa kijiti kwenye mkojo wake kuangalia protini, kwa hofu ya kifafa cha mimba. Kijiti kinabadilika rangi kutoka njano kwenda kijani ndani ya dakika moja, muuguzi anaandika kwenye kadi. Yaani kipimo cha Bright, bila kijiko wala mshumaa, kimeshafika kijijini. Mama akijifungua, kipimo kinaondoka naye. Aliyepata kifafa cha mimba ana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo na wa figo maisha yake yote, lakini baada ya chanjo za mtoto kwisha hakuna anayemwita tena. Mumewe hajawahi kuchovya kijiti hicho tangu azaliwe.

Wala hatuhitaji kwenda ng'ambo kujifunza namna ya kumtunza mgonjwa wa maisha yote. Tangu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zianze kutolewa bure mwaka 2004, vituo vya tiba na matunzo, CTC, vimejenga utaratibu wa kadi, tarehe ya kurudi, kupigiwa simu asipofika, na mwenzake wa kumhamasisha. Mgonjwa wa presha anastahili utaratibu huohuo, na baadhi ya dawa za virusi, kwa kuwa nazo hupitia figoni, tayari zimewafundisha wahudumu wa CTC kuiangalia kriatinini.

Wa kuanza nao wanajulikana: mwenye presha, mwenye sukari, aliyewahi kupata kifafa cha mimba, anayeishi na virusi, aliyekojoa damu utotoni, mwenye ndugu aliyekufa kwa figo, na anayevimba miguu. Mashine moja ya presha na boksi moja la vijiti vinaweza kuwapitia wote hao kijijini. Mahali pa kuwapata ni ghala la AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, Oktoba hadi Desemba, wakulima wanapopanga foleni na magunia yao ya korosho kusubiri mizani. Wanaume, ambao zahanati huwaona wakibebwa tu, wanakaa pale saa nzima bila la kufanya. Atakayekutwa na protini kwenye mkojo aandikiwe arudie baada ya miezi mitatu, maana homa na kazi ngumu vinaweza kuileta kwa muda. Ikiwa ingalipo, aende Ruangwa kupimwa kriatinini, na jina lake liandikwe kwenye daftari moja, la moyo na la figo.